Mwiko na Kijiko: Habari za Kuanza Kuchonga katika Nchi za Musoma, Bunda na Butiama

Waalimu kadha wametuuliza ni kazi gani ya kwanza impasayo mtoto anayeanza kuchonga mti. Vitabu vya kazi za mikono tulivyovipata kutoka Ulaya viliweka kijiko karibu na mwanzo, nasi tulivifuata kwa miaka kadha katika shule moja ya upande wa Musoma. Hatukufaulu. Watoto walijikata vidole, vipande vya mti vilipasuka, na vijiko vichache vilivyomalizika vilitundikwa ukutani visitumiwe na mtu. Siku moja tulimwonyesha bibi mmoja wa Butiama kile kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Alikigeuza mkononi, akauliza, "Mwalimu, hiki kitasonga nini?" Swali hilo ndilo lililotutia katika uchunguzi huu.

Tuanze na lugha, maana mara nyingi lugha huhifadhi habari ambazo watu wamezisahau. Mwiko ni chombo cha kusongea na kupakulia. Mwashi naye ana mwiko wake wa chuma. Tena mwiko ni jambo ambalo mtu hujizuia nalo. Maana hizo zimo katika kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na zimo pia katika ile ya Johnson ya 1939. Wako wapendao kuziunganisha maana hizi, kama kwamba kilichokatazwa kilitoka chunguni. Sisi hatuoni sababu ya kutosha. Lakini neno kijiko lina habari iliyo wazi zaidi. Kama vile mti mdogo ni kijiti, na mto mdogo ni kijito, na mji mdogo ni kijiji, vivyo hivyo mwiko mdogo ni kijiko. Basi kwa ushuhuda wa lugha, mwiko ndio mama, na kijiko ni mtoto wake. (Ni kweli kwamba kijiko chaweza kuwa jiko dogo pia, lakini hilo halitupotezi njia.)

Desturi za nyumbani zakubaliana na lugha. Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu na Wakurya ni watu wa ugali: wa mtama, wa ulezi, na tangu muhogo ulipoenea, wa muhogo. Ugali huliwa kwa mkono. Uji hunywewa, nao hauhitaji kijiko. Huko pwani upawa hufanywa kwa kifuu cha nazi. Huku hakuna minazi ya kutosha kazi hiyo, na kibuyu kilichokatwa ndicho kilichotekea maji na uji. Kwa hiyo chombo cha mti kilichokuwa cha lazima jikoni kilikuwa mwiko, tena mwiko wenye nguvu, maana ugali wa muhogo ni mzito, nao huvunja upesi mti usiofaa. Kijiko cha kulia kilienea pamoja na sahani na vikombe vya dukani.

Yatupasa sasa kuuliza, kijiko kiliingiaje kuwa somo la kwanza? Hapo hapana budi kwenda mbali kidogo. Katika nchi ya Ufini, Uno Cygnaeus aliweka kazi za mikono katika shule za watu wote, na sheria ya mwaka 1866 ikazithibitisha. Huko Uswidi, Otto Salomon aliwafundisha waalimu mahali paitwapo Nääs, nao walitoka nchi nyingi, hata alipofariki 1907. Mtoto wa Nääs alianza na kisu, akafanya vitu vinavyotumika nyumbani kwao. Nao watu wa kule walikuwa na usiku mrefu wa baridi, ambapo mkulima alikaa karibu na moto akichonga vyombo vya nyumba yake, vikiwamo vijiko vya mti vya kulia. Kwao kijiko kilikuwa kitu cha kila siku, na mtoto alikuwa amekwisha kumwona baba yake akikichonga kabla hajakwenda shule.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika ya Mashariki, na pamoja nayo Dk. James Aggrey, mzaliwa wa Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana. Tume ilitaka masomo yafuate maisha ya wenyeji, na kazi za mikono na kilimo vipewe mahali pake. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa maelezo ya siasa yake ya elimu kwa njia iyo hiyo. Shauri lilikuwa jema. Lakini sisi waalimu, tulipotafuta vielelezo, tulivichukua vile vya Ulaya jinsi vilivyo. Tulichukua kijiko cha mkulima wa Uswidi, tukaiacha kanuni yake, yaani kwamba kitu kirudi nyumbani kikatumike. Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyezaliwa 1922 na kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliyasema mambo haya kwa ukali katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: shule isimtenge mtoto na jamii yake. Wengi tuliisoma hati ile, tukalima mashamba ya shule, wala hatukukumbuka kukitazama kijiko.

Aliyetufundisha upya ni mzee mmoja wa upande wa Bunda. Alikata tawi bichi la mpera, akalipasua kati kwa shoka ili kiini kiondoke, maana mti ukiachwa na kiini chake hupasuka unapokauka. Alichagua kipande ambacho nyuzi zake zilinyoka tangu mpini hata ncha. Akakipunguza kwa tezo, lile shoka dogo ambalo mdomo wake umekingama kama wa jembe; kisha akashika kisu, akichonga daima kwenda mbali na mwili wake. Mwiko ni bapa, na kisu hufuata nyuzi moja kwa moja. Kijiko sivyo. Katika shimo lake kisu lazima kishuke kutoka ukingo wa huku, kisha kutoka ukingo wa huko, vikutane chini. Kikipanda tu, huchimba na kung'oa nyuzi, na mtoto huongeza nguvu, ndipo hujikata. Mambo haya hatukuyajua tulipokuwa tukiwalaumu watoto kwa uzembe.

Mwiko ukiisha umbo, huzikwa katika takataka zake za kuchongwa, kivulini, ukauke polepole. Ukianikwa juani, nje hukauka mbele ya ndani na ufa huingia. Mwisho husuguliwa kwa majani ya msasa, mti ambao majani yake hukwaruza, na karatasi ya maseremala inaitwa kwa jina lilo hilo. Kisha hupakwa samli kidogo.

Siku hizi watoto wetu huanza na mwiko, na kijiko huja baada ya mwiko wa tatu. Hatutoi alama darasani. Mwiko huenda nyumbani, mama husongea juma zima, ndipo hurudi tuutazame. Mmoja ulirudi umevunjika shingo, na sote tuliona mahali ambapo kisu kilikatiza nyuzi. Mtoto yule alichonga wa pili. Huo haujarudi mpaka leo; asema mama yake amekataa kuutoa.