Kusanifu na kujenga kwa mkataba mmoja: Kwa nini wadau wa ujenzi huchagua mfumo huu?

Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Julai 2020, Ayivu, eneo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa vijiji na mashamba, ikawa mojawapo ya tarafa zake mbili. Mahitaji ya barabara, mitaro na madarasa yameongezeka, na pamoja nayo swali hili: ujenzi ukiharibika, nani awajibike?

Katika utaratibu wa kawaida, mwenye mradi humlipa mhandisi mshauri achore michoro, kisha hutangaza zabuni ili kumpata mkandarasi. Kasoro ikijitokeza, mkandarasi huilaumu michoro, naye msanifu huulaumu ujenzi. Katika mfumo wa kusanifu na kujenga, kampuni moja hubeba dhamana ya kazi zote mbili. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, limeutengea mfumo huu mkataba wake, unaojulikana kama Kitabu cha Njano.

Wadau huupendea mambo matatu: bei hufahamika mapema, kazi ya msingi huweza kuanza kabla michoro yote haijakamilika, na mlalamikiwa ni mmoja. Faida hizo zina uzito mkubwa zaidi Arua, mji ulio zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati Septemba 2024, malori ya kuelekea West Nile yalilazimika kuzunguka njia nyingine. Katika mazingira kama hayo, mjenzi ambaye ndiye msanifu anaweza kurekebisha mpango wake bila kusubiri barua kutoka ofisi nyingine.

Hata hivyo, mfumo huu una gharama yake. Mwenye mradi hupoteza jicho la msanifu aliyekuwa upande wake, na bei huwa vigumu kuilinganisha. Barabara ya Kampala–Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51 na iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa mfumo huu na mkandarasi aliyepatikana bila zabuni ya ushindani. Gharama yake ilizua maswali mengi nchini Uganda.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, halmashauri hulazimika kueleza bayana inachotaka: mtaro upitishe maji kiasi gani, barabara ibebe mzigo gani na idumu miaka mingapi. Huhitaji pia mhandisi msimamizi anayelipwa na halmashauri yenyewe. Lisiloandikwa bayana katika mkataba, huwa vigumu kumdai mkandarasi alijenge.