Karema na Wakimbizi wa Ziwa Tanganyika

Msomaji amekwisha kusoma katika kitabu hiki habari za maaskofu, za mapadre na za makanisa yaliyojengwa. Sasa yatupasa kueleza habari za watu wasioandikwa sana, ingawa wao ndio waliozijaza parokia zetu tangu mwanzo, yaani watu waliofukuzwa makwao kwa vita, na pengine kwa maji. Jimbo la Mpanda lilizaliwa mwaka wa 2000 kutoka jimbo la Sumbawanga, lakini mizizi yake iko Karema, na Karema yenyewe ilianza kuwa kimbilio kabla haijawa parokia.

Kwanza tuseme neno juu ya ziwa, maana asiyelijua ziwa hawezi kuzifahamu habari za pwani yake. Maji ya Tanganyika hutoka kwa mlango mmoja tu, nao ni mto Lukuga upande wa Kongo. Zamani mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Hata Stanley alipoutazama mwaka wa 1876 aliukuta hauna mkondo wa kweli. Kwa hiyo maji yalizidi kupanda mwaka hata mwaka, yakameza mashamba na miti ya ufukoni, na watu wakahama. Kisha, karibu na mwaka wa 1878, maji yakalivunja lile zuio, yakaanza kushuka, na kwa muda wa miaka 15 hivi yakapungua kadiri ya mita 10. Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha mfalme Leopold wa Pili, alijenga boma lake Karema mwezi wa Agosti 1879, karibu na maji. Haikupita miaka mingi, ziwa likamwachia matope na matete, nalo likaenda zake mbali. Boma lililojengwa kwa ajili ya bandari likabaki nchi kavu.

Mwaka wa 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Mapadre Weupe boma hilo, pamoja na la Mpala ng'ambo ya pili. Mapadre hao, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie kule Algeria mwaka wa 1868, walikuwa wamefika Ujiji mwanzo wa mwaka wa 1879, wakati ambapo nchi zote za ziwa zilikuwa zikiteketea. Wenye bunduki walitoka Ujiji na Manyema, miongoni mwao Rumaliza na watu wake, wakachoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Upande wa mashariki, vita vya Mirambo na vya rugaruga viliwatawanya wengine. Mapadre walionja machungu ya nchi mapema: tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi, mapadre wawili na mwenzao mmoja waliuawa katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto aliyekuwa amekombolewa utumwani.

Neno hilo la kukomboa linahitaji kuelezwa. Mapadre walitoa nguo na shanga, wakawatwaa watoto mikononi mwa wauzaji, wakawalea katika nyumba za yatima. Wako waliowalaumu, wakisema kwamba anunuaye mtumwa, hata kwa nia njema, humwongezea mwuzaji faida na kumtia hamu ya kwenda kuteka tena. Lawama hiyo ina haki ndani yake, wala haifai tuifunike kwa sababu ya sherehe. Lavigerie mwenyewe aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakuwezi kuimaliza biashara ile. Ndiyo maana mwaka wa 1888 alizunguka Ulaya, akahubiri Paris, London na Brussels ili mataifa yaizuie. Lakini mama aliyefika usiku langoni pa Karema na mtoto mgongoni hakuweza kungoja mkutano wa Ulaya.

Na watu wa namna hiyo walizidi. Walikuja si kwa kununuliwa, bali kwa miguu yao. Walilitafuta boma kwa sababu lilikuwa na kuta, kama vile wenzao wa ng'ambo walivyomkimbilia Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, aliyekuwa akiwalinda watu pande za Mpala. Waliokimbilia kwa mapadre walipewa mahali pa kujenga, jembe na mbegu. Chakula cha kupewa kilikuwa cha siku za kwanza tu. Baadaye kila mtu alitazamiwa kula jasho lake. Tena aliyeingia aliingia chini ya amri: kengele iliamsha, kengele ililaza, na ndoa iliangaliwa na padre. Huenda wengine walichoka na kengele hiyo. Hata hivyo, kati ya kengele na mnyororo walijua wachague nini.

Katika wote waliofika Karema baada ya kupoteza kwao, hakuna aliyetoka mbali kama Adriano Atiman. Alizaliwa nchi za mto Niger, pande za Timbuktu. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, mpaka akakombolewa na Mapadre Weupe. Wakampeleka kisiwa cha Malta, mahali ambapo Lavigerie alifungua chuo mwaka wa 1881 ili vijana wa Afrika wajifunze uganga wa kizungu na kurudi kuwatibu watu wa bara lao. Mwaka wa 1889 Atiman alitia mguu Karema, naye hakuondoka tena. Alitibu na kufundisha dini muda wa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka wa 1956, akazikwa huko huko. Alioa katika nchi hii, na mwanawe mmoja akawa padre. Tunataka msomaji azingatie jambo hili: wagonjwa waliobebwa kutoka vijiji vilivyochomwa walipokewa na mtu ambaye naye aliibwa kwao. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kutokuwa na kwenu. Hesabu za nguo na za dawa zaweza kuandikwa katika madaftari. Jambo hili halina safu yake.

Biashara ya watumwa ilipokomeshwa, Karema ikawa parokia kama nyingine. Ziwa lakini halikutulia. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda, likafika juu sana mwaka wa 1964, na nyumba nyingi za ufukoni zikazama. Mwaka wa 2024 maji yalikaribia tena alama ile, baada ya kupanda kwa miaka kadhaa. Ng'ambo kule Gatumba katika Burundi, mto Rusizi ulifurika Aprili 2020, ukawatoa makumi ya maelfu majumbani mwao. Gatumba ndipo wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 walipouawa kambini usiku mmoja wa Agosti 2004. Mahali pamoja, basi, pamejua silaha na pamejua mafuriko, na mtu atokaye huko akiulizwa amekimbia nini hana jibu fupi.

Lakini wimbi kubwa lililofika jimboni kwetu halikutoka ziwani. Lilianza Aprili 1972, wakati maasi na kisha mauaji makubwa yalipozuka Burundi. Wahutu wengi mno waliuawa, wenye elimu kwanza, na makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Kigoma. Kuwakalisha mpakani kulikuwa hatari, kwa maana mwaka wa 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia hata vijiji vya Tanzania. Kwa hiyo serikali iliwapeleka ndani, msituni: Ulyankulu katika Tabora mwaka wa 1972, na Katumba, karibu na Mpanda, mwaka wa 1973. Kazi ilishikwa na watatu pamoja, yaani serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1964 na Shirikisho la Walutheri Duniani. Sisi Wakatoliki hatuoni haya kuwasifu ndugu hao wa Kilutheri, maana barabara, visima na zahanati nyingi za makazi hayo zilitoka mikononi mwao.

Njia yao, ukiitazama vizuri, ilifanana na ile ya zamani: shamba, jembe, mbegu, na chakula mpaka mavuno. Tena ilikuwa na uzito wake. Ulyankulu ilionekana kuwa na watu wengi kuliko maji na ardhi yake, na mwaka wa 1978 maelfu waliamriwa kuondoka na kwenda kufyeka msitu upya Mishamo. Watu waliokwisha kufyeka mara moja, wakajenga, wakazika wazee wao, waliambiwa waanze tena. Hata hivyo walianza, na baada ya miaka michache makazi haya yalikuwa yakijilisha na kuuza nafaka nje.

Mwaka wa 2007 serikali iliwapa wale wa 1972 na watoto wao hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi sana, kama wanne katika watano, waliomba uraia. Ombi la watu wapatao 162,000 lilikubaliwa, lakini kwa sharti gumu: wahame Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watawanywe mikoani. Hivyo mtu alikuwa raia kwa neno, na hati hana. Nyumba anayo, na ruhusa ya kukaa hana. Nani apande mwembe mahali atakapotolewa? Kuhamishwa huko kukasimamishwa mwaka wa 2011, na mwishowe kukaachwa. Hati zilianza kugawiwa mwaka wa 2014. Kati ya waliozipokea walikuwako wazee waliovuka mpaka wakiwa vijana mwaka wa 1972, na wajukuu wao ambao Burundi hawajapata kuiona.