Joto, halijoto na msawazo wa joto

Joto (nomino, ngeli ya LI-YA) ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kwa sababu vitu hivyo vimetofautiana halijoto. Halijoto (nomino, ngeli ya I-ZI) ni kipimo kinachoonyesha kitu kimefikia wapi katika ngazi ya umoto na ubaridi. Msawazo wa joto ni hali inayofikiwa pale ambapo vitu vinavyogusana, au vinavyoweza kupokezana joto, vimekuwa na halijoto moja, hata joto likaacha kuhama baina yao.

Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hubeba maana zote mbili. Msemaji husema "leo kuna joto", "joto la mgonjwa limepanda" au "joto la makaa", na msikilizaji huelewa bila taabu. Katika maandishi ya sayansi, tiba na ufundi, mchanganyiko huo huzaa makosa ya maana, si ya mtindo tu. Makala haya yanaeleza fizikia iliyo nyuma ya istilahi hizi, kisha yanaonyesha namna ya kuzitumia.

Maumbo ya maneno

Halijoto limeundwa kwa kuunganisha hali na joto. Katika vitabu vya shule vya Tanzania hutumika pia jotoridi, umbo linalokutanisha joto na sehemu ya neno baridi. Maana yake ni ile ile. Mwandishi anaweza kuchagua lolote kati ya mawili, mradi asiyachanganye ndani ya kazi moja. Kipimo hutajwa kwa nyuzi, nyuzijoto au digrii: "nyuzi 37 za Selsiasi". Katika mfumo wa kimataifa kipimo cha msingi ni kelvini, ambacho huanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Joto, kwa kuwa ni nishati, hupimwa kwa jouli.

Kipimajoto ni neno lililokwisha kukubalika, ingawa kifaa chenyewe hupima halijoto, wala si joto. Hakuna haja ya kulibadilisha. Inatosha mwalimu kulieleza.

Tofauti ya joto na halijoto

Chukua kikombe cha chai chenye robo lita, halijoto yake nyuzi 80, na ndoo ya maji lita 10, halijoto yake nyuzi 40. Vyote viwili vimewekwa katika chumba chenye nyuzi 25. Chai ina halijoto ya juu zaidi, na ndiyo itakayounguza ulimi. Lakini mpaka vipoe na kufikia halijoto ya chumba, chai itakuwa imetoa takriban jouli 58,000, na ndoo jouli 630,000. Ndoo yenye maji ya vuguvugu hutoa joto zaidi ya mara kumi kuliko kikombe cha chai ya moto.

Sababu ni kwamba kiasi cha joto hutegemea mambo matatu: tungamo la kitu, mabadiliko ya halijoto yake, na aina ya kitu chenyewe. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Kilo moja ya alumini huhitaji takriban 900, na ya chuma 450. Ndiyo maana sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni hupata moto kwa haraka, na ile iliyojaa maji hukawia.

Tofauti hii haikuwa dhahiri tangu zamani. Joseph Black, aliyefundisha Glasgow katika karne ya 18, ndiye aliyeipambanua vizuri alipoona kwamba barafu inayoyeyuka huendelea kupokea joto bila halijoto yake kupanda. Kilo moja ya barafu ya nyuzi sifuri hunyonya takriban jouli 334,000 ili iwe maji ya nyuzi sifuri vilevile. Joto la namna hiyo huitwa joto fiche. Kwa mtu asiyetofautisha joto na halijoto, jambo hilo halielezeki.

Hata hivyo, Black na wengi wa zama zake walidhani joto ni kitu mfano wa umajimaji usioonekana unaojaa ndani ya vitu. Mwaka 1798 Count Rumford alieleza jinsi kutoboa mizinga huko Munich kulivyotoa joto lisilokwisha maadamu msuguano uliendelea. Kitu kilichohifadhiwa ndani ya chuma kingelazimika kwisha. Katika miaka ya 1840 James Joule alipima uhusiano wa kazi na joto, na tangu hapo joto likahesabiwa kuwa sura mojawapo ya nishati.

Njia tatu za joto kuhama

Upitishaji ni kuhama kwa joto ndani ya kitu, au baina ya vitu vinavyogusana, bila sehemu za kitu hicho kusafiri. Chembe zenye mtikisiko mkubwa huzitikisa jirani zake. Shaba na alumini ni vipitishi vizuri. Mbao, plastiki na hewa iliyotulia ni vihami. Mwiko wa mti unaweza kuachwa ndani ya uji unaochemka na bado ukashikika, lakini kijiko cha alumini hakishikiki.

Myuko ni kuhama kwa joto pamoja na kioevu au gesi inayosogea. Maji yaliyo chini ya sufuria hupata moto, hutanuka, huwa mepesi kuliko yaliyo juu, hivyo hupanda, na yale ya juu hushuka kuchukua nafasi yao. Upepo wa baharini unaovuma pwani mchana una asili hiyo hiyo: nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baharini huingia mahali pake.

Mnururisho, ambao baadhi ya waandishi huuandika mnunurisho, ni kuhama kwa joto kwa mawimbi ya sumakuumeme. Hauhitaji kitu cha kupitia. Joto la jua hutufikia kwa kuvuka takriban kilomita milioni 150 za anga tupu. Kila kitu hunururisha, hata barafu, ila kiasi hutegemea halijoto. Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba nishati inayonururishwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto inayopimwa kwa kelvini: halijoto ikizidi mara mbili, mnururisho huzidi mara 16.

Aghalabu njia hizi hufanya kazi pamoja. Anayeota moto wa mkaa hupata joto kwa mnururisho. Moshi na hewa ya moto hupaa kwa myuko. Na mafiga yaliyogusa makaa hupata moto kwa upitishaji.

Msawazo una maana gani

Vitu viwili vinapokutana, joto huhama kutoka chenye halijoto ya juu kwenda chenye halijoto ya chini, kamwe si kinyume chake, isipokuwa kazi itumike kulilazimisha, kama friji inavyofanya. Uhamaji huo huendelea mpaka halijoto zilingane. Kinacholingana ni halijoto, si joto. Huu ndio mtego mkubwa wa istilahi "msawazo wa joto": msomaji anaweza kudhani kila kitu kimepata fungu sawa la joto.

Mfano unafichua kosa hilo. Kipande cha chuma cha nusu kilo chenye nyuzi 100 kinatumbukizwa katika lita moja ya maji ya nyuzi 25. Anayetafuta "nusu kwa nusu" atatarajia nyuzi 62.5. Hesabu inatoa takriban nyuzi 28.8, ikiwa hakuna joto lililopotelea kwenye chombo na hewa. Chuma kimeshuka zaidi ya nyuzi 71. Maji yamepanda chini ya nyuzi nne. Lakini joto lililotoka kwenye chuma ndilo hilo hilo lililoingia kwenye maji.

Kipimajoto chenyewe hutegemea msawazo. Kwa kweli hakipimi halijoto ya mgonjwa, bali halijoto ya kipimajoto chenyewe baada ya kusawazika na mwili. Ndiyo maana kile cha kawaida huachwa kwapani kwa dakika kadhaa. Kanuni inayoruhusu jambo hilo ni kwamba vitu viwili vikiwa kila kimoja katika msawazo na kitu cha tatu, basi hivyo viwili navyo vimo katika msawazo. Kanuni hiyo ilipewa jina la kanuni ya sifuri ya thamodinamiki katika miaka ya 1930, kwa kuwa ilionekana kuwa ya msingi kuliko zile zilizokwisha kupewa nambari kuanzia moja.

Mkono si kipimajoto. Asubuhi ya Julai huko Njombe, komeo la chuma na mlango wa mbao vilivyokesha pamoja vina halijoto moja, lakini komeo huonekana baridi zaidi. Chuma hupitisha joto upesi, hivyo hulinyang'anya vidole kwa kasi. Ngozi huhisi kasi ya joto linalotoka.

Mtungi na mvuke

Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Je, mtungi umeukiuka msawazo? La. Maji hupenya vinyweleo vya udongo na kugeuka mvuke nje, na kila gramu inayogeuka huchukua takriban jouli 2,400. Gramu 10 zikipotea hivyo kutoka katika mtungi wenye lita moja, maji yaliyobaki yangeshuka kwa takriban nyuzi sita, kama joto lisingeingia kutoka nje. Msawazo haufikiwi maadamu uvukizi unaendelea. Wakati wa masika, hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, uvukizi hupungua, na mtungi nao haupozi sana.

Athari ya Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda katika friza kabla ya mchanganyiko uliopoozwa kwanza. Baadaye alishirikiana na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1969. Jambo hilo huitwa athari ya Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu sababu zake, na wengine wanatilia shaka kama hutokea kwa uthabiti. Kwa mtumiaji wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba athari hiyo inahusu muda wa kuganda. Haisemi kwamba joto huhama kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto.

Matumizi

Baridi. Katika fizikia baridi si kitu kinachohama. Ni upungufu wa halijoto. "Funga mlango baridi isiingie" ni Kiswahili safi cha nyumbani, na hewa baridi huingia kweli. Katika maelezo ya sayansi huandikwa: "Funga mlango wa friji ili joto lisiingie."

Blanketi. "Blanketi lina joto" maana yake linahifadhi joto; halilitengenezi. Barafu iliyofunikwa blanketi hukawia kuyeyuka kwa sababu hiyo hiyo.

Poa na poza. Kitu hupoa chenyewe. Mtu au chombo hupoza. "Chai imepoa", lakini "friji hupoza maji".

Panda, shuka, ingia, toka. Halijoto hupanda na kushuka. Joto huingia, hutoka, hupotea au huhama. Kitenzi aghalabu ndicho kinachofichua nomino iliyokusudiwa.

- Isifae: Joto la maji ni nyuzi 60. Ifae: Halijoto ya maji ni nyuzi 60.
- Isifae: Chuma kilipoteza halijoto kwa maji. Ifae: Chuma kilipoteza joto, likaingia kwenye maji.
- Isifae: Vitu vikisawazika huwa na joto sawa. Ifae: Vitu vikisawazika huwa na halijoto sawa.

Maelekezo ya tiba. Hapa ndipo uzembe wa istilahi unapogharimu. "Hifadhi mbali na joto" humkataza mtu kuiweka dawa karibu na jiko au juani. "Hifadhi katika halijoto isiyozidi nyuzi 30" huweka mpaka unaopimika. Sentensi moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mfasiri akiandika "weka kwenye baridi", msomaji mwaminifu anaweza kuiweka ndani ya friza, na baadhi ya chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Tafsiri sahihi hutaja halijoto, hutaja mipaka yote miwili, na huongeza: "isigande".