Baridi na Wageni: Nani Amekuwa Akimlinda Mwenye Kibanda Karatu?

SEHEMU YA 1

Mama zangu wa Karatu mjini, Rhotia, Oldeani, Mang'ola na ninyi wa huko juu Ngorongoro, poleni na baridi.

Kila mwaka ikifika Juni, vitu viwili vinaingia kwetu kwa pamoja: baridi na wageni. Mvua za masika zimekwisha, nyasi zinakauka, wanyama kreta wanaonekana vizuri, na kuanzia hapo mpaka Oktoba magari ya watalii hayakatiki barabarani. Madereva wanataka kuwahi geti la Loduare asubuhi, kwa hiyo wanataka chai na chapati kabla ya jua. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Mnaijua hiyo baridi ya saa kumi alfajiri. Ndiyo saa ambayo mama lishe ameshawasha jiko, mtoto yuko mgongoni au amelazwa kwenye kiroba pembeni.

Wiki hii nataka kuwaandikia historia kidogo. Najua wengine mtasema nesi naye, historia ya nini? Ni kwa sababu kuna swali akina mama wananiuliza kila mara kliniki: "Nesi, mimi nikiungua au nikiugua kwenye biashara yangu, nani ananilipa?" Jibu fupi ni kwamba hakuna. Jibu refu lina miaka karibu mia moja, na limeanzia hapa hapa Oldeani. Ukilijua, utajua pia pa kubisha hodi.

Lakini kabla ya historia, jiko. Hili haliwezi kusubiri sehemu ya pili.

Mkaa uliokolea, ule mwekundu usiotoa moshi, ndio unaodanganya watu. Unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inashikamana nayo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mama anadhani ni uchovu wa msimu, au mimba. Ukiona watu wawili watatu kwenye banda moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko liko ndani, toeni watu nje kwanza, kisha muwahi hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Mjamzito asibaki nyumbani kabisa, maana aliye tumboni anaumia zaidi ya mama yake. Na usiku, jamani, jiko libaki nje. Usilibebe kwenda kupasha joto chumba cha kulala. Blanketi la pili ni bei rahisi kuliko msiba.

Na mtoto akimwagikiwa chai au uji: mvue nguo, toa bangili au shanga, kisha mwagia eneo lililoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mwili uliobaki mfunike, maana huku kwetu mtoto anaweza kupata baridi kali huku unamtibu moto. Dawa ya meno hapana, yai bichi hapana, mafuta hapana. Funika kwa kitambaa safi, mlete. Usoni, mikononi, sehemu za siri, au pakiwa pakubwa kuliko kiganja chake, usisubiri hata ufunge hesabu ya siku.

SEHEMU YA 2

Sasa turudi nyuma.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kulikuwa na Wajerumani wawili ndugu, Adolph na Friedrich Siedentopf, waliokuwa wanafuga ng'ombe ndani ya kreta yenyewe. Vita ikaisha, Ujerumani ikashindwa, wakaondoka. Katikati ya miaka ya 1920 Waingereza wakawaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na katika miaka iliyofuata mashamba ya kahawa yakafunguliwa kwenye mteremko wa Oldeani. Vita vya pili vilipoanza 1939, wenye mashamba Wajerumani wakawekwa kizuizini na mashamba yakachukuliwa na serikali, yakapewa wengine. Kahawa yenyewe ikabaki, na mpaka leo ipo.

Kahawa ni zao la msimu. Ikiiva inataka mikono mingi kwa wakati mmoja, kuanzia katikati ya mwaka, yaani hii hii baridi yetu. Ikiisha, mikono haitakiwi tena. Kwa hiyo kibarua wa msimu hapa kwetu ni wa zamani kuliko hoteli yoyote ya Karatu.

Na alilipwaje? Kwa kipande. Wazee wanalikumbuka neno hilo. Ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa, unawekewa alama. Alama 30 zikijaa ndipo unapokea mshahara. Siku uliyoumwa, hakuna alama. Mtoto ameumwa usiku kucha na asubuhi hukuweza kwenda, hakuna alama. Juu ya hapo, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa kosa la jinai, yaani unaweza kufungwa.

Nimekaa sana na hicho kipande kichwani, kwa sababu naona akina mama wengi wa leo bado wanaishi kwa kadi hiyo, tofauti ni kwamba wanajiwekea alama wenyewe. Mama anajifungua Julai, wiki ya pili yuko kwenye sufuria. Ukimuuliza anakwambia, "Nesi, wageni wakipita wamepita." Hana bwana wa kumfunga, ila siku ya kuumwa haina alama vilevile.

SEHEMU YA 3

Wengi mliuliza: sheria si zilibadilika? Ndiyo, zilibadilika, lakini angalieni zilikuwa zinamwangalia nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaja sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Mwaka 1950 ikaja sheria ya viwanda: mashine ziwekewe kinga, hewa ipite, sanduku la huduma ya kwanza liwepo. Zilikuwa hatua kubwa. Lakini yule wa 1950 anayelindwa ni mtu aliyeajiriwa, mwenye bosi. Mwanamke anayeuza uji nje ya geti la kiwanda hayumo.

Hata aliyekuwemo alipata kidogo. Ile sheria ya fidia ilidumu miaka mingi sana baada ya uhuru bila viwango vyake kwenda na maisha, mpaka kufikia mwisho wake kiwango cha juu kwa mfanyakazi aliyefariki kilikuwa shilingi 83,000, na kwa aliyepata ulemavu wa kudumu shilingi 108,000. Soma tena hizo namba. Baba wa watoto wanne amekufa kazini, familia inapewa elfu themanini na tatu.

Na mwenye biashara ndogo? Yeye alikuwa na hali mbaya zaidi ya kusahauliwa. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na katika utekelezaji wake mijini, hasa Dar es Salaam, watu waliokuwa wanatembeza bidhaa au kujiuzia vitu bila leseni walikamatwa kama wazururaji wasio na kazi na kupelekwa vijijini kulima. Yaani mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua alihesabika hana kazi! Mimi naona hapo ndipo mizizi ya tatizo letu ilipo. Huwezi kumlinda kazini mtu ambaye umeandika kwamba hafanyi kazi.

Mambo yalianza kugeuka baadaye. Mwaka 2001 ukaanzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, tunaouita OSHA, na mwaka 2003 ikatoka sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya 1950. Hii imepanuka: shamba ni mahali pa kazi, duka ni mahali pa kazi, jiko la hoteli pia. Mwaka 2004 sheria ya ajira ikampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini apewe muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria mpya ya fidia, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Zile 83,000 zikaisha. Sasa anayeumia anagharamiwa matibabu, anapata malipo akiwa hawezi kufanya kazi, na akifariki wategemezi wake wanalipwa pensheni.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana panawahusu ninyi moja kwa moja. Ukiwa na kibanda na umemwajiri binti mmoja wa kukusaidia msimu huu, wewe ni mwajiri. Hata kama ni mmoja. Hata kama ni wa miezi mitatu. Sheria inataka mwajiri ajisajili WCF, na mchango unatoka mfukoni kwa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa binti. Ni asilimia ndogo sana ya mshahara anaolipwa. Binti akiungua na mafuta ya chipsi bila usajili, gharama zinakurudia wewe, na mnajua wenyewe mtaji wa kibanda ulivyo. Na binti mwenyewe asiwe chini ya miaka 14, hilo halina mjadala, hata kama ni mtoto wa dada yako aliyetoka kijijini "kusaidia likizo".

Lakini wewe mwenye kibanda? Unachangia kwa ajili ya binti, yeye analindwa, wewe bado uko nje. Huna siku 84. Ndivyo historia ilivyokuacha.

SEHEMU YA 4

Dada mmoja wa Mang'ola ameniandikia akasema nimewasahau watu wa vitunguu. Sijawasahau. Msimu wenu una hatari zake: dawa za kupulizia, na maji ya mifereji ambayo mbu wanayapenda. Aliyepuliza dawa avue nguo na aoge kabla hajambeba mtoto. Nguo hizo zisifuliwe na nepi. Chupa ya dawa ikiisha isigeuzwe ya maziwa au mafuta ya taa, hata ikioshwa mara kumi. Mjamzito asiingie shambani lililopulizwa leo. Na chandarua ni cha kulalia, si cha kuzungushia miche.

Sasa, msaada uko wapi? Historia ya Karatu inaonyesha kwamba akina mama hawakusubiri sheria. Upatu ni wa zamani. Baadaye zikaja VICOBA, mfumo ambao mzizi wake ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanza mwaka 1991 kwa mradi wa shirika la CARE: hisa, sanduku, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Ukafika Zanzibar na bara, ukaenea mpaka kwetu. Serikali nayo ikaja: Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwaka huo huo ikawekwa kisheria kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na kikundi kiwe kimesajiliwa. NSSF pia inapokea waliojiajiri wanaochangia kwa hiari. Nenda uulize kuhusu mafao ya uzazi na matibabu kabla hujashika mimba, si mwezi wa nane.

Mwaka 2020 ulitupima. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, Mei zikaruhusiwa, lakini wageni hawakurudi kwa haraka. Nchi nzima ilitoka watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020. Juni ile hapa Karatu ilikuwa na baridi tu. Mabanda yalifungwa, vinyago vilijaa vumbi, wanawake wa shanga huko Ngorongoro walikaa na shanga zao. Hapo ndipo tofauti ya vikundi ilipoonekana. Kikundi kilichokuwa na hisa tu kiligawana, kikavunjika. Kilichokuwa na mfuko wa jamii, ile akiba ndogo ya pembeni kwa ajili ya ugonjwa, uzazi na msiba, kiliweza kumpa mtu unga na nauli ya hospitali bila kumdai riba.

Kwa hiyo nawaomba wanakikundi, kikao kijacho, kabla msimu haujachanganya, fungueni katiba yenu muone mfuko wa jamii umeandikwaje. Vikundi vingi nilivyokutana navyo vimeandika "msiba" na "ugonjwa". Uzazi haumo. Ongezeni mstari mmoja: mwanachama akijifungua, mfuko unamlipa kiasi fulani kila wiki kwa wiki sita, na kibanda chake kinashikwa kwa zamu na wanachama wawili, faida ni yake. Kuna kikundi cha wanawake 22 ninachokifahamu wamefanya hivyo tangu mwaka juzi. Mchango wao ni shilingi 1,000 kwa wiki kwa kila mmoja, sawa na chapati mbili. Mpaka sasa wamezaa wanane, na wote wanane walikuja kliniki ya wiki ya sita, mtoto amenyonya, mama amepona mshono.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu vumbi la Agosti na kifua cha watoto. Mtakaokuwa mjini Jumatano, njooni na kadi za kliniki.