Haki ya Msikilizaji

Wanaoandaa vipindi vya podikasti kwa Kiswahili katika zama hizi, wengi wao vijana wenye simu moja na kipaza sauti kimoja, huulizana maswali mawili ambayo wao huyaona kuwa mapya: sauti isafishwe vipi, na wasikilizaji wapatikane wapi. Maswali hayo ni makongwe. Yaliulizwa na kujibiwa katika pwani yetu tangu enzi za santuri, na mwenye kuifuata tarikhi ya kazi ya sauti kwa lugha hii ataona kwamba kila hadhira ilipoongezeka, iliongezeka kwa sababu mafundi waliitambua haki fulani ya msikilizaji wakaitimiza.

Haki ya kwanza ni lugha. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki wa taarabu ili aje kuutumbuiza ufalme. Na hata baada ya chama cha muziki cha Ikhwani Safaa kuundwa mwaka 1905, taarabu ilibakia kuimbwa kwa Kiarabu, ikisikizwa kwa taadhima na wengi ambao hawakufahamu maana ya kinachoimbwa. Ndipo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mwana wa watu mafakiri, alipoingia mjini na kuimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani, ya mahakamani na ya nyumbani, hata mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari mpaka Bombay kwenda kuingiza nyimbo zao katika sahani za santuri za His Master's Voice. Sahani hizo zilipofika madukani, Mswahili alisikia katika mtambo wa santuri lugha aliyonena na mkewe asubuhi, na mtambo uliokuwa anasa ya wageni ukawa na kazi katika nyumba yake.

Lakini lugha peke yake isingalitosha kama sauti ingalikuwa ya kukwaruza. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alielekeza kinywa chake katika pembe kubwa ya bati, nguvu ya pumzi zake ikaitikisa sindano iliyochora mfereji katika nta. Mwenye sauti nyembamba alipotea, mwenye sauti nzito alirudishwa nyuma, na ala za upole zilikaribia kufutika. Mwaka 1925 kipaza sauti cha umeme kilianza kushika mahali pa pembe, na Siti alipowasili Bombay miaka mitatu baadaye mwimbaji hakulazimika tena kupiga makelele ili asikike. Uso mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika tatu tu, na wimbo ambao katika baraza ungaliweza kurudiwa na kunyumbulishwa mpaka usiku wa manane ulipaswa kupunguzwa, yachaguliwe maneno yaliyo muhimu na kuachwa mengine. Nadhani kazi hiyo ya kupunguza, ambayo mwandaaji wa leo huiona adha, ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya wasanii wetu katika ustadi wa kurekodi.

Haki ya pili ni wepesi wa kupata. Idhaa za Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza kutangaza mwaka 1951, ilhali redio za siku hizo zilikuwa masanduku ya valvu yaliyotaka umeme au betri kubwa za thamani. Kule Lusaka, Harry Franklin, afisa wa habari wa serikali ya kikoloni, aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya bei nafuu kwa watu wa kawaida. Ikatokea mwaka 1949 katika umbo la sufuria, imepakwa rangi ya buluu, nayo ikapendwa sana na Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini. Ilipofika mwaka 1954 redio ya transista iliingia sokoni Marekani, na baada ya muda redio ndogo za namna hiyo zikawafikia wakulima, wavuvi na wachungaji ambao hawakuwahi kumiliki santuri.

Kwa hiyo hadhira ilipatikana, na yaliyofuata ni mashindano ya kuitafuta. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwachochea watu wa pwani na bara dhidi ya utawala wa kikoloni, na miongoni mwa watangazaji wake alikuwamo Ahmed Rashad Ali wa Unguja. Uingereza nayo ikaanzisha idhaa ya Kiswahili ya BBC tarehe 27 Juni 1957. Mawimbi mafupi yaliyobeba sauti hizo hufika mbali kwa kudunda angani, lakini kwa sababu hiyo hiyo hupanda na kushuka, huingiliwa na mvumo, na huweza kumeza neno katikati ya sentensi. Mtangazaji mahiri alilazimika kutamka kila silabi kwa ukamilifu, kutua baada ya jina la mtu au mji, na kurudia vichwa vya habari mwishoni, ili aliyekosa mwanzo asikose yote. Ufasaha ambao wazee wetu wanausifia hata leo haukutokana na adabu peke yake. Ulitokana na kumjali mtu aliyekuwa akiitegea redio sikio.

Haki ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, ni msikilizaji kupewa nafasi ya kujibu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa kushirikiana na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilifuatana kwa wiki kumi na mbili, lakini havikuachwa vitangae hewani peke yake: watu walikusanyika katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda, kama vile kuchimba choo au kufyeka vichaka karibu na nyumba. Inakisiwa kwamba watu takriban milioni mbili walishiriki. Redio ilikuwa ile ile ya kila siku. Kilichozidi ni mjadala uliowafanya wasikilizaji kuwa washiriki.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ambao dereva wake wa lori, Mkwaju, pamoja na mkewe Tunu, waliwafahamisha watu kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI bila ya kuhubiri. Watafiti walifanya jambo la insafu: katika eneo la Dodoma mchezo haukutangazwa kwa miaka miwili ya mwanzo, ili matokeo ya palipotangazwa yalinganishwe na ya pasipotangazwa. Hivyo ikabainika kwa ushahidi, si kwa kujisifu, kwamba mahali palipotangazwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi.

Podikasti, iliyopata jina lake mwaka 2004, imeondoa vizuizi vingi vilivyowasumbua watangulizi: hakuna sahani ya dakika tatu, wala hakuna haja ya mnara wa kurushia mawimbi. Lakini uhuru huo umewapumbaza baadhi yetu. Kipindi cha saa mbili kilichojaa vicheko vya waandaaji wenyewe, kilichorekodiwa katika chumba kitupu ambamo kuta zinarudisha mwangwi, hakipati hadhira kwa kubadilishiwa kipaza sauti cha bei kubwa. Mapazia mazito na godoro lililosimamishwa ukutani hupunguza mwangwi kwa gharama ndogo; kinywa kilicho karibu na kipaza sauti, kwa upana wa kiganja hivi, hushinda kilicho mbali; na kipindi kinachotoka siku ile ile kila wiki hujenga ada kwa msikilizaji. Baada ya hayo mwandaaji asome barua na ujumbe wa wanaomsikiliza, awataje na awajibu, kwani asiyejibiwa hana sababu ya kurudi. Basi kila anayetaka kusikilizwa na wengi aanze na msikilizaji mmoja, amsemeshe kwa lugha yake, asimpotezee muda, na amsikilize naye.