Eilean Mòr na Mnara Wake wa Taa

Eilean Mòr ni kijisiwa cha majabali, kikubwa kuliko vyote katika fungu la visiwa vya Flannan, kilichoko Bahari ya Atlantiki, takriban kilomita 30 magharibi ya kisiwa cha Lewis, Uskoti. Kimo chake ni mita 88, na kwa kuwa kimezungukwa na magenge, hapana chombo kiwezacho kutia nanga hapo kwa salama ila bahari ikiridhia. Pana magofu ya kanisa dogo linalonasibishwa na Mtakatifu Flannan.

Mnara

Ulijengwa baina ya 1895 na 1899 kwa ramani ya David Alan Stevenson, mhandisi wa ukoo mashuhuri wa wajenzi wa minara, ukawashwa tarehe 7 Desemba 1899. Urefu wake ni mita 23.

Kupotea kwa walinzi

Mwaka mmoja baadaye walitoweka walinzi wote watatu, James Ducat, Thomas Marshall na Donald McArthur. Usiku wa tarehe 15 Desemba 1900 meli Archtor ilipita isione taa. Na meli ya kubadilisha zamu, Hesperus, iliyocheleweshwa na dhoruba, haikufika mpaka tarehe 26. Joseph Moore, aliyekuja kupokea zamu, alikuta milango imefungwa, saa zimesimama, meko baridi, taa imekwisha kusafishwa na kutiwa mafuta, na vyombo vya jikoni vimeoshwa vikang'aa. Maandishi ya mwisho ya walinzi yalikuwa ya saa tatu asubuhi ya tarehe 15.

Msimamizi Robert Muirhead, aliyefanya uchunguzi, aliona kwenye gati la magharibi kasha la kamba, lililohifadhiwa mita 33 juu ya maji, limevunjwa na kamba zimetapakaa, na vyuma vya kushikia vimepindwa. Koti la mvua la McArthur lilikuwa limebaki ndani, dalili ya kuwa alitoka kwa haraka. Muirhead alihukumu kwamba waliteremka kuokoa vifaa, wakachukuliwa na wimbi. Na hukumu hiyo ndiyo iliyo karibu mno na akili. Hekaya ya chakula kilichoachwa mezani na kiti kilichopinduka ilienezwa na shairi la Wilfrid Wilson Gibson la 1912, wala haiafikiani na jiko safi alilolikuta Moore.

Hali ya sasa

Tangu tarehe 28 Septemba 1971 taa yajiendesha yenyewe, na kijisiwa hakina mkaazi.