Gesi ya AC haiishi, inavuja

Kwa mtu wa Dar es Salaam sina haja ya kueleza mwezi wa pili ulivyo. Saa nane mchana uko kwenye foleni ya Ubungo, vioo umeshusha, moshi wa daladala unaingia, jasho linafika mpaka kwenye soksi. Mimi nina gari lililonizidi umri. Ni la mwaka 1992, niliachiwa na baba mdogo. AC yake ilikuwa inapuliza upepo wa moto.

Nikalipeleka kwa fundi. Akafungua boneti, akabonyeza kijivalvu, pshhh! Gesi iliyobaki ikaenda zake angani. Akajaza mpya, nikalipa, nikaondoka nikijiona mheshimiwa. Wiki tatu baadaye, upepo wa moto. Nikarudi, akajaza. Mara ya tatu vilevile. Kila nikiuliza jibu ni moja: "Gesi imeisha, bosi." Kazi yangu ni kuuliza maswali, lakini swali lenyewe sikuliuliza: imeisha, imekwenda wapi?

Aliyeniuliza ni mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, nilipompelekea gari mara ya nne.

"Mdogo wangu, hii si petroli. Haichomwi. Inazunguka tu."

Akanionyesha safari yake. Kompresa inaikandamiza gesi, inakuwa ya moto. Inapita kwenye kondensa, mbele ya rejeta, inapoa na kuwa maji. Maji hayo yanapenyezwa kwenye tundu dogo, mgandamizo unashuka ghafla, yanageuka tena gesi ndani ya evapareta chini ya dashibodi, na yanapogeuka yananyonya joto la ndani ya gari. Kisha gesi inarudi kwa kompresa. Mfumo ukiwa mzima, gesi ileile inafanya kazi miaka na miaka.

Hakugusa mtungi. Alichukua tochi akatafuta uchafu. Gesi ikivuja hutoka na oili kidogo, na vumbi hugandia pale. Mbele ya kompresa, nyuma ya klachi, palikuwa na tope jeusi. Sili ya shafti ilikuwa imekufa. Kisha akagusa zile valvu mbili za kujazia. Chini ya adapta zilizofungwa juu yake kulikuwa na nyuzi za zamani za kukazia. "Gari hili lilizaliwa na gesi nyingine," akasema.

Usiku ule nikaanza kusoma, na nikajikuta Marekani ya mwaka 1928.

Enzi hizo majokofu yalitumia gesi kama amonia, salfa dioksaidi na klorometheni. Zikivuja ndani ya nyumba, watu hufa. Mhandisi Thomas Midgley wa General Motors, ambaye mwaka 1921 aligundua kwamba risasi kwenye petroli inazuia injini kugonga, akapewa kazi ya kutafuta gesi salama. Yeye na wenzake wakapata ile tuliyokuja kuiita Freon, yaani R-12. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia, aliivuta kifuani kisha akaipulizia mshumaa ukazimika. Haina sumu, haiwaki. Nani angebisha?

Mwaka 1939 kampuni ya Packard ikaonyesha gari lenye AC ya kiwandani. Kompresa yake haikuwa na klachi. Ukitaka kuizima, unazima injini, unafungua boneti, unavua mkanda! Baada ya vita teknolojia ikakua, na kuanzia miaka ya 1950 AC ikaenea. Gesi ikivuja, fundi anajaza. Ni salama bwana, tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa juu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizi hupanda bila kuharibika mpaka kwenye tabaka la ozoni, huko mionzi ya jua inazivunja, na klorini inayotoka inaila ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi Waingereza wakatangaza kwamba ozoni ya Antaktika imepungua kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal. Tanzania iliridhia mwaka 1993.

Watengenezaji wa magari wakahamia R-134a, isiyo na klorini. Gari langu limeangukia mpakani. Mtu alibadilisha gesi akaacha oili ya zamani, na oili ile haichanganyiki na gesi mpya. Inabaki imetuama kwenye mabomba badala ya kurudi kwa kompresa. Kompresa inazunguka kavu, inajila yenyewe.

Ozoni inapona. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 inasema sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi. Lakini R-134a nayo ina lake. Kilo moja inapasha joto dunia kama kilo 1,400 hivi za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii. Magari mengi mapya sasa yanatumia R-1234yf.

Nikapiga hesabu. Nusu kilo ikivuja ni kama kilo 700 za hewa ukaa, sawa na kuchoma lita 300 hivi za petroli. Mimi nilijaza mara tatu. Na wala sikupata ubaridi!

Mzee alinyonya kwa mashine gesi iliyobaki badala ya kuipuliza. Akasafisha mabomba, akafunga kompresa nyingine, oringi mpya, chupa mpya ya kukaushia unyevu, na oili inayokubaliana na gesi. Akajaza nitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye maungio tukaangalia kama kuna mapovu. Hakuna. Akavuta hewa yote kwa pampu, akaisubiri geji. Haikusogea. Hapo ndipo alipojaza, kwa mizani, pungufu kidogo ya kiwango cha R-12 kilichoandikwa kwenye kibandiko. Gharama ilizidi zile za mwanzo zote tatu. Imepita miezi kumi na moja, bado inapuliza baridi.

Karibu miaka mia tumebadilisha gesi, na kila mpya ililetwa kama dawa ya iliyotangulia. Sumu, ozoni, joto. Lakini madhara yote hayo yanaanzia mahali pamoja: pale gesi inapotoka kwenye bomba. Wakubwa waendelee na mikutano, ni kazi njema. Wewe siku AC yako ikipuliza moto na fundi akikuambia gesi imeisha, muulize swali moja tu kabla hajafungua mtungi: inavuja wapi?

Naomba kuwasilisha.